Shemeji Yangu Mifleh na Gari Lililofufuliwa

Shemeji yangu Mifleh anaudhi ukienda naye sokoni. Tikiti hulipiga kofi, hulinusa, hulirudisha, akazunguka soko zima, kisha akarudi kulichukua lile lile. Ameendesha basi la shule hapa mjini kwetu Zarqa tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hajapata kuamini breki asiyoikanyaga mwenyewe. Kwa hiyo binti yake Rudayna alipopata kazi ya uuguzi mji wa Mafraq, akahitaji gari la kwenda na kurudi kwenye barabara ile ya malori, nilijua nitapata tabu. Dada yangu alinibembeleza niandamane na mumewe, nikaandamana.

Tulilipata kwenye yadi ya magari ya Abu Ghaith. Jeupe, dogo, limetoka Marekani kama mengine yote pale. Kule liligongwa, kampuni ya bima ikaliandika kuwa chuma chakavu, likapandishwa meli, likaja kunyooshwa na mafundi wetu. Hakuna anayeona aibu kwa hilo. Sisi wa mishahara midogo, bila ajali za Wamarekani tungekuwa tunatembea kwa miguu. Abu Ghaith mwenyewe alituonyesha kwenye simu picha za siku lilipogongwa: pua imebonyea, na mifuko ya hewa imechomoka kwenye usukani na dashibodi, inaning'inia kama soksi.

"Chesisi haikuguswa," akasema.

"Na mifuko ya hewa?" Mifleh akauliza.

"Mipya. Kaiweka fundi wangu wa umeme. Washa uone, taa yake ya onyo inawaka kisha inazimika yenyewe."

"Taa inadanganywa, Abu Ghaith. Fungua usukani nione."

Abu Ghaith akacheka. "Wewe ukienda kuposa unamwambia bibi harusi apanue mdomo umhesabu meno?"

Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Katika yadi zetu, kumwambia mtu afungue usukani ni kumwita mwizi mbele ya wateja wake. Nikamvuta shemeji mkono, tukaingia ofisini kwenye kivuli, walimokuwa wameketi wanunuzi wengine wawili.

Ikaletwa kahawa chungu. Mifleh akakipokea kikombe, akakiweka mezani mbele yake bila kukigusa tena.

Nilitamani ardhi inimeze. Kwetu mgeni akiweka kahawa chini, ana haja, na mwenyeji humkubalia kabla hajaisikia. Hivyo ndivyo tunavyoposa, hivyo ndivyo ndugu wa aliyeuawa wanavyoombwa msamaha. Sijapata kumwona mtu akifanya hivyo kwa ajili ya gari bovu. Wale wanunuzi wakageuka kututazama.

Abu Ghaith akatabasamu. Bila shaka alidhani ataombwa apunguze bei.

"Kunywa kahawa yako, ndugu yangu. Ulilolijia umelipata."

"Umesema?"

"Nimesema, na hawa wamesikia."

"Fungua usukani."

Uso wa Abu Ghaith ukabadilika, lakini neno lilikuwa limeshamtoka. Akainuka, akachukua bisibisi, akatoka akinung'unika kuhusu watu wasio na adabu. Akachomoa waya za betri, akasubiri kidogo, akaanza kufungua. Mimi nilikuwa upande wake moyoni. Nilikuwa tayari nimeshapanga nitakavyomsema Mifleh njiani.

Kifuniko kikatoka. Ndani kulikuwa na sponji la godoro, limekatwa vizuri likatosha, na kijidude cha umeme kilichounganishwa ili taa isijue kitu. Nikamwona Rudayna nyuma ya usukani ule, na lori mbele yake. Nami ni mjomba tu, si babake.

Nikafungua mdomo kumtukana Abu Ghaith. Lakini alikuwa amelishika lile sponji, analibonyeza kwa vidole.

"Nilimlipa yule fundi," akasema. "Wallahi nilimlipa pesa ya mifuko mipya."

Kisha akatoa simu, akampigia mkewe nyumbani.

"Mama Ghaith, Ghaith keshaondoka? Yumo garini na wadogo zake? Mpigie, mwambie aegeshe hapo hapo alipo. Sitaki maswali, mwambie aegeshe. Nakuja kuwachukua."

Akatutazama. "Gari la kwetu kalitengeneza fundi yule yule."

Mifleh akamwondolea bisibisi mkononi, taratibu, kama anayemwondolea mtoto kisu.

"Twende," akasema. "Nitaendesha mimi."