Tulivyoupa Mkanda wa Kuzamia Jina la Hawaii

Kalamu ilikuwa ishafunguliwa. Bosi kaishika juu ya karatasi, bado kuandika tu, na mie ndo nikafungua mdomo wangu. Nimejilaumu kwa mengi maishani, lakini lile bado sijalimaliza.

Nirudi nyuma kidogo, mjue ile karatasi ilikuwa ya nini.

Karakana yetu ilikuwa Al-Mahjar, kusini ya Jeddah, nyuma ya maduka ya vipuri. Tulikuwa watu wawili tu. Fundi, mtu wa Mombasa, makamo, zamani akishona viti vya magari. Na mie, nilozaliwa Unguja nikaletwa Jeddah nikiwa wa kubebwa, na mama yangu anakaa Al-Hindawiyah mpaka leo. Kazi yetu vyombo vya kuzamia: mitungi ya hewa, miwani, mapezi ya miguu, mikanda. Wateja Wazungu. Zama zile za mafuta mji ulijaa wao. Meli zimepanga foleni nje ya bandari zinangoja kuteremsha saruji, zinangoja mpaka zinaota kutu, na wao Ijumaa wako pembeni wanapiga mbizi kutazama samaki wa rangi.

Mie ndo mdomo wa karakana. Kiingereza hakunisomesha mtu, nimekiokota kwenye maboksi na vitabu vya bei, neno moja moja, nikawa nawauliza wateja. Fundi alikuwa mikono. Akinyamaza asubuhi mpaka adhuhuri, mie nazungumza kwa niaba ya wote wawili.

Siku moja akaja mteja, Mmarekani. Kanasa chini ya maji kwenye mabaki ya meli, na mikanda ya mtungi imekataa kufunguka. Vifungo vitatu, kila kimoja na namna yake. Kama si mwenzake kuwa na kisu, basi. Nikamfasiria fundi. Akauliza swali moja tu: "Mkono upi ulikuwa huru?"

"Kushoto," Mmarekani akasema.

Kwa muda wa mwezi hivi fundi hakuwa mtu wa kuzungumza naye. Anakata, anashona, anafumua. Kisha akanivisha mtungi mgongoni palepale karakana, akanambia, "Vuta hiyo." Kifuani mikanda yote inakutana pamoja, imeshikwa na kipini kimoja cha shaba kilichopita ndani ya kitanzi cha uzi wa nta. Nikavuta. Mkanda wote ukaachia kwa mpigo, mtungi ukaanguka, nusura univunje kisigino.

"Mtu alonaswa hana akili ya kutafuta kifungo cha pili," fundi akasema. Akarudi kukaa.

Sasa bosi. Huyo ndo kafili wetu, mdhamini aliyetuweka nchini, mtu wa Riyadh, na ofisi yake kubwa iko huko, na sefu yenye pasipoti zetu iko huko. Bahari haijamvuka magoti. Lakini biashara anaijua. Alipokuja Jeddah kukagua, akaona ule mkanda, na Mmarekani kachukua sita kwa wenzake, akaagiza tushone mingi na kila mmoja uwe na lebo.

"Na jina liwe la Hawaii," akasema. "Hawa Wazungu wakikaa kwenye majlisi yangu hawana jengine. Hawaii, Hawaii. Nani atavaa kitu kimeandikwa Al-Mahjar?"

Hapo fundi akaomba. Sikuwahi kumsikia akiomba kabla. Mwanawe wa pili wa kike anaolewa Mombasa, baada ya Idi, na baba ndo wa kuozesha. Wa kwanza alimwozesha kwa barua. Bosi wakati ule alimkatalia ruhusa ya kutoka nchi, basi akaandika uwakili, akampa ndugu yake amwozeshee, na siku ya harusi yenyewe alikuwa hapa Al-Mahjar anabandika ngozi kwenye kiti cha lori. Huyu wa pili aliapa atamwozesha kwa kinywa chake.

Bosi akasema, "Jina kwanza. Jina likinipendeza, nasaini utoke. Halas."

Basi harusi ya binti wa watu ikawa imefungwa kwenye neno la Kihawai.

Yule Mmarekani alikaa Hawaii miaka, akatupa kijitabu chembamba cha maneno yao, maneno na maana. Nikakisoma chote mbele ya fundi naye anashona. Lugha ile nikaipenda, maneno yake yote yanaishia kama yetu, hayakukwami kooni.

"Mano," nikasema. "Papa! Ami, hili ndo lenyewe. Mtu anavaa papa mgongoni!"

"Papa kashawahi kukuokoa?"

"Ah, ami."

"Nakuuliza."

"Haya. Nalu, wimbi. Moana, bahari kuu. Hoku, nyota. Honu, kasa."

"Rudia hilo."

"Honu?"

"Hilo." Akakata uzi kwa meno. "Kasa hubeba mzigo mgongoni na haumwelemei. Hupanda juu kuvuta pumzi. Na ufuo alozaliwa, hurudi. Umwache miaka ishirini, hurudi palepale."

Mie bado moyo uko kwa papa, lakini nikaandika Honu juu kabisa ya orodha, nikaweka na hayo mengine chini, bosi apate vya kukataa.

Bosi akaniita Riyadh nikaeleze majina mwenyewe. Nilipokuwa napanda gari ya mizigo, fundi akanishika bega. Nikamwambia, "Wallahi ami, narudi na karatasi yako."

"Usiape. Sema jina, chukua karatasi, nyamaza. Utaweza kunyamaza?"

"Kwani mie vipi?"

"Nakujua."

Riyadh nilidhani siku mbili. Kumbe. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo jipya, plasta bado inanuka maji, na madirisha yana nondo. Nikapewa chumba cha stoo, godoro kati ya maboksi ya mashine za hewa baridi, na mashine hata moja haikufungwa humo. Mlinzi akienda kula anafunga geti la chini na ufunguo anao yeye. Nikimwita, "Ya ami, nifungulie nikanunue mkate," ananambia, "Mafi amri." Hana amri. Na hata lingekuwa wazi nende wapi? Ikama yangu, kile kibali cha kukaa, ni ya Jeddah. Barua ya safari iko kwa bosi. Askari akinikuta njiani bila barua, naingia ndani. Mie nilokua Jeddah, nimezowea jioni kutoka, hata pakiwa na joto vipi hewa inakuja na chumvi, humo ndani nikawa navuta vumbi la saruji na kuhesabu nondo. Kumi na moja. Kila siku kumi na moja.

Bosi ananiita kila akikumbuka. Siku ya tatu Moana: "Bahari wanayo tayari, wanunue ya nini?" Siku ya tano Nalu: "Wimbi linazamisha watu." Hoku naye: "Nyota tunazo hapa jangwani, tena nzuri zaidi." Mano hata hakumaliza kunisikiliza. "Mtu abebe papa? Wewe una akili?" Ikaniuma, lakini nikanyamaza. Honu nililiacha la mwisho kwa makusudi, nikijua atachoka.

Siku ya tisa nikalitoa.

"Kasa?" bosi akasema. "Kasa mvivu."

"Juu ya mchanga, baba. Ndani ya maji nani anamshika?"

Akafikiri. Akaagiza kahawa. Akalisema mara tatu nne, Honu, Honu, kama mtu anaonja. Akanitaka nimchore kasa nyuma ya risiti, nikamchora, kichwa kikatoka kama cha paka, akacheka. Aliponiuliza analiandikaje nikamwandikia. Kisha akaenda kwenye sefu, akatoa pasipoti ya fundi, akaiweka mezani, na ile karatasi ya ruhusa juu yake. Nikaiona kwa macho yangu. Akafungua kalamu.

"Halas, Honu," akasema. "Jina zuri. Kitu chenyewe si chochote, mumeiga Wataliana, lakini jina zuri."

Ningenyamaza. Kulikuwa na nini hapo cha kusemwa? Harusi ilikuwa ndani ya ile kalamu. Lakini mie mtu akimgusa mtu wangu, damu hupanda kabla ya akili.

"Tumeiga?" nikasema. "Hatukuiga, baba! Mtaliana gani? Mkanda ule kaufikiria fundi kwa kichwa chake, hakuna kitabu chochote duniani chenye kitanzi kile. Wamekuja Wamarekani wawili karakana kujaribu kukishona, wameshindwa! Hakuna anaejua kukishona ila yeye. Yeye peke yake!"

Bosi akanitazama. Akafunika kalamu, taratibu, kifuniko kikalia.

"Peke yake," akasema.

"Ndio!" Na bado najisifia, mjinga mie.

"Basi mtu kama huyo hasafiri."

Pasipoti ikarudi kwenye sefu.

Nilikaa stoo siku ile nzima sikula. Nilipiga kichwa ukutani, kweli, alama ninayo. Fundi alinambia nyamaza. Neno moja. Na kule Jeddah najua anashona huku ameshafunga sanduku, maana aliniamini.

Asubuhi nikagonga mlango wa bosi sijaitwa. Nikamwambia, "Jana nimekudanganya. Si yeye peke yake. Na mie najua."

"Jana hukujua, leo unajua?"

"Nipe sindano."

Nilikuwa sijashona kitanzi kile hata siku moja. Nimetazama tu, mwezi mzima, huku nikipiga domo. Mlinzi akaniletea mkanda, uzi, nta na sindano ya turubai. Cha kwanza kikateleza. Cha pili kikakatika. Nikafumba macho nikajaribu kuiona mikono ya fundi, kidole gumba kiko wapi, uzi unapita chini au juu, mara ngapi. Juu mara mbili, chini mara moja, kisha unageuza. Vidole vikatoka damu, nta ikawa nyekundu. Siku ya nne nikampelekea bosi kimoja. Akamvisha mlinzi mtungi mtupu, akavuta mwenyewe. Ukaachia. Mlinzi akaruka, akatutukana sote.

Bosi akasema, "Yeye aende miezi miwili. Wewe unabaki hapa hapa Riyadh, unashona. Akirudi unaondoka na pasipoti yako. Asiporudi..." Akanyosha kidole kwenye sefu, na pasipoti yangu ndani.

"Sawa, baba," nikasema, na safari ile sikuongeza neno.

Kalamu ikafunguliwa tena. Akasaini.

Fundi alikwenda. Sikumuona, sikumuaga. Mie nikabaki na nondo zangu kumi na moja na kasa wa kichwa cha paka, maana bosi aliupenda ule mchoro wangu akautia kwenye lebo vilevile. Watu wakanunua hivyo hivyo.

Baada ya Idi likaja kaseti, limeletwa na dereva mmoja wa Mombasa aliyerudi kutoka likizo. Nikaazima redio kwa mlinzi. Kelele za watoto kwanza, mtu anasema zima, mwengine anasema ishawaka. Kisha kimya, na sauti ya fundi, ile sauti ya mtu asiyezowea kusema mbele za watu: "Nimekuoza mwanangu..." Akakohoa, akaanza tena tokea mwanzo, akamaliza. Vigelegele vikapasua spika ya watu.

Upande wa pili ananisemesha mie. Anasema salamu za mama watoto, anasema pilau ilitosha, kisha: "Nshakata tikiti. Tarehe zangu zikifika nipo."

Nikalizima. Siku ileile nikamwandikia, kwa herufi kubwa: USIRUDI AMI. Nikamwambia mie kijana, sina mke, sina mtoto, kukaa hapa hakunidhuru, na ukija nakupiga. Nilimaanisha. Ile barua sijui ilifika au haikufika, hakuwahi kunambia.

Akaja. Akapanda ngazi za ofisi ya Riyadh na sanduku lilelile na boksi la halua, piko la harusi, ile rangi nyeusi, bado halijatoka kwenye kidole kimoja, wamemchezea. Nikampigia kelele. Nikamwita kila jina. "Umeshatoka! Mtu akishatoka anarudi? Una wazimu, ami?"

Yeye kachukua mkanda nilokuwa nashona, anauangalia mwangani.

"Chini ni mara mbili," akasema. "Wewe unapiga moja. Utaua watu."

Bosi akapokea pasipoti yake, akasoma tarehe, akaridhika. Nikasimama karibu ya sefu nikingoja kubadilishana, yake iingie, yangu itoke. Bosi akafungua. Akaweka ya fundi juu ya yangu, akafunga.

"Oda zimezidi," akasema. "Sasa nina mafundi wawili. Yalla, kazini."

Fundi akanikamata mkono kabla sijasema kitu. Akaninyamazisha hivyo, kwa vidole tu, mpaka tukafika stoo. Akakaa kwenye godoro langu, akafungua halua, akanipa kipande kikubwa, akavuta boksi la lebo karibu na miguu yake.

"Lete sindano," akasema. "Tufumue mikanda yako hii yote."