Doa la Mkononi na Utomvu wa Mgomba

Siku ya ukaguzi wa usafi shuleni, mwalimu mkuu, Mwingereza asiyependa maneno mengi, alinishika mkono akalitazama doa lililokuwa karibu na kiwiko. Akaniachia upesi.

"Nenda kwenu. Usirudi mpaka mganga aseme si ukoma."

Bwenini, jirani yangu wa kitanda aliuliza kama godoro langu litachomwa moto. Wenzake wakacheka. Nilifunga sanduku nikatoka.

Nyumbani, huku mlimani, bibi hakulitaja jina la ugonjwa. Alikata mgomba, akanipaka utomvu juu ya doa, ukakauka ukawa gamba jeusi. Asubuhi mama akanipeleka zahanati ya Maji ya Chai. Njia nzima niliiwaza kambi ya wakoma, alikopelekwa kijana wa jirani na mpaka leo mama yake hajamwona.

"Shikamoo," nilimwambia mganga.

"Marahaba. Fumba macho. Nikikugusa kwa unyoya, sema."

Nikafumba, nikangoja. Nikangoja tena.

"Bado hujanigusa?"

"Nimeshakugusa," akasema. Nikamsikia mama akikalia benchi kwa kishindo.

Halafu mganga akakwaruza doa kwa ukucha. "Hiki nini?"

"Utomvu wa mgomba," mama alisema kwa sauti ndogo. "Bibi yake alimpaka."

"Sasa mimi napima mtoto au napima mgomba?"

Aliosha kwa maji moto na sabuni mpaka ngozi ikaonekana: duara, ukingo umeinuka na una magamba, katikati pameanza kupona.

"Fumba tena."

Safari hii unyoya ulitembea kama siafu. "Hapo," nikasema. "Na hapo. Na hapo."

"Linawasha?"

"Sana, hasa nikitoka jasho."

"Doa la ukoma haliwashi. Mna ndama?"

Nikamweleza kwamba ndama wetu analala humohumo ndani, na likizo yote nilikuwa nikimkumbatia shingo nikimlisha mgomba uliokatwakatwa. Ana mabaka ya kijivu kuzunguka macho.

"Basi kakuambukiza choa, ugonjwa mdogo tu wa ngozi. Paka dawa hii, na usikumbatie mtu wala mnyama."

Mama alicheka huku akifuta machozi kwa kanga.

Niliporudi shuleni, doa likiwa limepona, nilikunja mkono wa shati mwenyewe, kabla mwalimu mkuu hajaniambia.