Nilielewa Kifaransa Chote cha Wifi Yangu, Nikasema Sina Neno

Nimekosa. Sitaki kuzunguka wala kutafuta wa kumsingizia. Nimemkosea mwanamke aliyekuwa ananipikia, ananiletea wateja, ananiita wifi kwa mdomo mtamu, na nimemkosea nikiwa na akili zangu timamu. Nisomeni mpaka mwisho, halafu mnitukane mtakavyo.

Mimi ni fundi cherehani, Tabora, nakaa Itetemia kwa kaka yangu. Niliolewa, nikaachika, nikarudi na cherehani yangu na begi la nguo, kaka akanipokea bila kuniuliza swali. Hilo mlijue mapema. Mimi najua kurudishwa kwenu kukoje, na bado nikafanya nilichofanya.

Kaka anauza dagaa na mawese, anavifuata Kigoma. Huko ndiko alikompata mke, Mkongo wa Kalemie aliyekuwa anavuka ziwa na vitenge vyake kuja kuuza. Nitamwita Furaha, si jina lake. Mahari ikapelekwa, kanisani bado, wakaanza maisha.

Jamani, yule binti alijitahidi! Kiswahili alikuwa nacho, cha kwao, cha "niko nakuja" na "niko napika". Kisamvu alikiita sombe, tukacheka wote. Shangazi yetu akija kutoka Lusu, Furaha anapiga magoti, "Mwangaluka, mayu." Salamu hiyo ya Kinyamwezi aliipata kwangu mimi mwenyewe, kwa kuniuliza bila aibu yoyote, akikosea anacheka na kurudia. Na mimi akanifundisha mishono ya Kikongo, ile ya mabega ya kusimama juu. Wanawake wa mjini wakaanza kunitafuta mpaka barazani.

Sasa ngojeni. Simu ya dada yake wa Kalemie ikiingia, wanaanza kwa Kiswahili, salamu, habari za watoto, halafu ghafla anageukia Kifaransa. Anacheka. Ananitupia jicho. Anacheka tena. Mimi niko kwenye cherehani, moyo unanichemka. Nikasema huyu ananisengenya huku ananitazama! Kwenye nyumba ya kaka yangu!

Mtu mwenye akili angemuuliza. Mimi nikajiapiza kwamba hicho Kifaransa chake nitakijua, na yeye hatajua kwamba nakijua.

Nikapakua kwenye simu mazungumzo ya wanaojifunza Kifaransa, yale ya kila siku. Mtu ananunua mkate. Mtu anaulizia kituo cha basi. Mtu anamweleza daktari kwamba kichwa kinamuuma. Nikapachika hedifoni sikio moja, nikafunga kilemba juu yake, nikakanyaga pedeli. Wateja walidhani nasikiliza kwaya. Shangazi akanisifu mpaka kwa majirani, eti tangu niachike nimemrudia Mungu. Khaa!

Mwanzoni zilikuwa kelele tupu. Wale watu hawapumui! Maneno yameshikana kama tambi zilizoiva kupita kiasi, hujui hili linaishia wapi na lile linaanzia wapi. Nikawa narudia mazungumzo yale yale, mkate ule ule, asubuhi mpaka jioni. Yule mama wa mkate nilimchukia, kila siku ananunua na hamalizi.

Kuna siku nilikuwa napachika mkono wa gauni, nikashtukia namjibu muuza mkate kabla mteja wake hajafungua mdomo! Kwa Kifaransa, kwa sauti, cherehani ikinifunika. Niliacha kushona nikacheka peke yangu. Furaha akachungulia mlangoni, "Wifi, kuna nini?" Nikamwambia nimekumbuka kituko cha zamani. Shule niliishia la saba, na sasa lugha ya watu imeingia kichwani kwangu kupitia sikio, bila mwalimu, bila kiboko. Utamu niliousikia siku ile siwezi kuwaeleza.

Nikahamia mazungumzo ya haraka, ya watu wanaoongea kama wako majumbani kwao, wanaomeza nusu ya maneno. Hayo yalinitesa, lakini ndiyo yaliyonifungulia. Taratibu nikaanza kumsikia Furaha.

Na nilisikia nini? Kwamba nasengenywa? "Wifi yangu ana hasira za karibu," alikuwa anamwambia dada yake, "lakini ana roho safi. Bila yeye ningekufa kwa upweke hapa." Akanitupia jicho, akacheka. Kumbe ndicho kile kicheko chote kilichonikosesha usingizi.

Ningekuwa mtu, ningeishia hapo. Ningemgeukia nikamwambia bonzhuu, salamu yao ya Kifaransa, tukacheka, yakaisha. Lakini nilikuwa nimeonja! Nikanyamaza, nikaendelea kusikiliza. Siku moja akanifuata kabisa barazani: "Wifi, nikufundishe Kifaransa? Mchana tunakaa bure tu." Nikamkazia macho makavu. "Cha nini wifi? Cherehani yangu inajua Kiswahili." Akacheka, akaenda kutwanga sombe yake.

Mwaka ukapita, mwingine ukaingia, tumbo la Furaha liko vile vile. Mnajua watu wetu walivyo. Shangazi akipiga simu, kabla ya kuuliza mvua anauliza tumbo. Majirani wakaanza, yule Mkongo asiyezaa. Mwishowe kaka na mkewe wakaenda Mwanza hospitali. Waliporudi, kaka akatuambia mkewe kapewa dawa, tusubiri.

Siku chache baadaye simu ya Kalemie ikalia. Furaha alikuwa ameketi mkekani anachambua mchele, mimi napiga pindo. Akageukia Kifaransa, na safari hii hakucheka. Nilielewa kila neno, wala sikuhitaji kurudiwa.

"Si mimi, dada," alisema. "Ni yeye. Daktari alitueleza tukiwa wote wawili. Alilia, akaniomba nisimwambie mtu yeyote, hata dada yake wa damu, huyu niliye naye hapa. Nimemwapia. Waache waseme ni mimi."

Mguu wangu ukaganda kwenye pedeli. Furaha akainua uso, akaniuliza kwa Kiswahili, "Wifi, uzi umekatika?" Nikamwambia ndiyo, umekatika. Nikajifanya natunga uzi kwenye sindano iliyokuwa na uzi wake tayari.

Nilibeba lile jambo tumboni bila kumwambia mtu. Nikawa namwona anapitishwa kwenye maneno ya watu, anainama, anapita. Sokoni, kwenye jumuiya, kisimani. Mama mmoja alimwambia usoni kwamba labda alitoa mimba huko kwao. Furaha akamjibu, "Mungu anajua, mama," akaendelea kuchota maji. Nilikuwa pembeni yake na ndoo yangu. Mungu alikuwa anajua, na mimi nilikuwa najua!

Basi shangazi akaja, na baba zetu wadogo wawili, na furushi la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Baada ya misa wakakaa sebuleni. Furaha akaketi mkekani, mikono mapajani.

"Sisi hatumchukii mtoto wa watu," shangazi akaanza. "Ana adabu, anapika, anasalimia. Ila jina la marehemu kaka yangu haliwezi kufutika hivi hivi. Lusu kuna binti, wa watu tunaowafahamu. Huyu arudi kwao kwa heshima, hatudai mahari."

Kaka akawa anatazama vidole vya miguu yake. Nilimngoja aseme. Nilimngoja, wallahi, Mkristo mimi naapa hivyo! Hakusema. Na Furaha hakumtazama hata mara moja, asije akamlazimisha kwa macho.

Sasa kwetu dada wa mume ana nafasi yake kwenye kikao. Jambo la mke halifungwi mpaka aulizwe yeye, maana ndiye anayeshinda naye jikoni. Shangazi akanigeukia. "Na wewe unayekaa naye, una neno?"

Nyumba nzima ikanitazama. Furaha naye akanitazama. Mungu wangu, nilikuwa nalo neno! Nikawaza wataniuliza nimelijua wapi, wataniita mbea, msikilizaji wa simu za wake za watu. Nikawaza kaka ataaibika mbele ya baba zetu wadogo. Na nimekuja hapa kuungama, kwa hiyo niseme lote: nikawaza pia kwamba akiondoka, jiko litarudi mikononi mwangu kama zamani.

"Sina neno, shangazi," nikasema.

Mimi mwenyewe nilirudishwa siku moja na wifi aliyesema hivyo hivyo. Nilimlaani yule mwanamke miaka na miaka.

Kaka hakumsindikiza, alisema ana homa. Nilikwenda mimi. Treni ya Kigoma ilichelewa, tukakaa juu ya begi lake kwenye kivuli, karibu na akina mama wanaouza asali na karanga. Na unajua alikuwa ananihangaikia mimi! "Wifi, cherehani ipake mafuta. Gauni la yule mama wa Cheyo usisahau bitana, atakusumbua." Kila alichosema kilinichoma.

Treni ilipotokea nilishindwa. Nikafungua mdomo, kikatoka Kifaransa. Kukiandika sijui, nilikipata kwa sikio tu, kwa hiyo naandika kilivyotoka: "Pardone mwa. Zhe tu kompri." Nisamehe, nilielewa yote. Mwaka na zaidi nasikiliza, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kumwambia binadamu aliye mbele yangu.

Begi likamponyoka.

"Tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu kabla hamjaenda Mwanza."

"Ile siku ya kikao ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Nilingoja kofi. Ningelipokea na kushukuru. Hakunipiga. Aliokota begi, akalipangusa vumbi, akasema polepole kwa Kiswahili chake, "Siku zote zile niko ndani ya nyumba yenu, sina mtu wa kumwambia. Nikawa naongea na simu. Kumbe mtu alikuwa pale, kwenye cherehani." Akafuta uso kwa ncha ya kitenge. "Ungeniambia bonzhuu, wifi. Siku moja tu. Ningejua niko na mwenzangu."

Akapanda. Nilikwenda dirisha kwa dirisha nikimtafuta, watu wananishangaa, sikumwona. Treni ikaondoka. Nilirudi Itetemia kwa miguu, nalia barabarani mtu mzima mimi! Nimempigia mara nyingi tangu hapo. Simu yangu haipokei, na dada yake akiisikia sauti yangu anakata.

Mtasema basi, yamekwisha, amejutia. Hayajaisha, na ndiyo maana naandika.

Binti wa Lusu aliletwa. Na kaka akakubali! Mdogo, mpole, anaamka kabla ya jogoo, anafagia mpaka uwanja wa jirani. Sasa mvua za pili zimepita tangu aje, na tumbo lake liko vile vile. Shangazi ameanza tena kupiga simu. Majina yale yale aliyokuwa anaitwa Furaha yamehamia kwa huyu, isipokuwa la Mkongo.

Wiki iliyopita nilimsikia analia nyuma ya jiko, anamweleza mama yake kwa simu. Kwa Kinyamwezi. Huyu hahitaji hedifoni wala kilemba. Humu ndani kila mtu anamsikia, na kila mtu anajifanya kiziwi, kaka akiwa wa kwanza.

Nilimfuata kaka siku ile ile kwenye stoo ya dagaa. Nikamwambia najua, na nimejua siku nyingi, na nikamwambia nilivyojua. Alikaa juu ya gunia. Akaniomba nisiseme, maneno yale yale aliyomwomba Furaha. Nampenda kaka yangu, ndiye aliyenipokea. Nikamwambia aseme yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya wazee, na mimi nitakaa pembeni yake nimshike mkono. Hajanijibu mpaka leo. Ananipita ukumbini kama hanijui.

Wenzangu mnaosoma, mimi si wa kumfundisha mtu, lakini hili nimelilipia. Ukitaka lugha ya watu, jifunze, tega sikio, rudia mkate huo huo mpaka uuchukie, inaingia, mimi ni shahidi. Ila siku utakayoelewa neno la kwanza, lijibu hapo hapo! Kosea, uchekwe, lakini mwenye lugha ajue upo. Usikae gizani ukichota siri za mwenzako halafu siku anapokuhitaji ukajifanya huna ulimi. Na nyinyi mawifi wa nchi hii, mkiulizwa kwenye vikao, jamani, jamani, kumbukeni mnaweka maisha ya mtu barabarani.

Shangazi anakuja Jumapili na baba zetu wadogo. Michembe wameshafunga. Kaka akisema mwenyewe, nitamshukuru Mungu. Akitazama vidole vyake tena, kikao kitanigeukia mimi, kama desturi ilivyo, na shangazi atauliza kama nina neno.

Ninalo. Na nitalisema kwa Kiswahili, walisikie wote.