Mkongojo wa Chai

Sponji ya poda ilikuwa imeshapita kwenye nyuso saba kabla ya kufika kwake, na Baba Mkwe alizitambua karibu zote kwa harufu. Wa kwanza alikuwa mtangazaji, mama anayejipulizia marashi mpaka kwenye kope. Wa mwisho alikuwa mwimbaji wa kufungulia kipindi, ambaye jasho lake lilikuwa na kitunguu. "Fumba macho, mzee wangu," alisema mpambaji, kisha akamsugulia watu saba usoni.

Jina la Baba Mkwe hakupewa na mama yake. Alipewa na tamthilia, ambayo kwa miaka kumi na moja, siku tano kwa wiki, ilimwonyesha akimtesa mke wa mwanawe. Watu waliitazama wakati wa kula na kumchukia kwa midomo iliyojaa. Muuza nyama wa mtaani kwake aliwahi kumpimia mifupa mitupu, akamwambia, "Hii kampe yule binti unayemlaza njaa." Vibibi walimsonya kwenye foleni ya zahanati. Mlangoni mwa chumba alichokuwa ameketi sasa pameandikwa BABA MKWE kwa kalamu nene, na alipojaribu kukumbuka ni nani pale kampuni anayelijua jina lake halisi, alimpata mlinzi peke yake, naye alistaafu mwaka juzi.

Leo lakini hakuja kumtesa mtu. Leo alikuja kusimulia maisha yake katika kipindi kiitwacho *Nilikotoka*.

"Ni heshima, mzee wangu," mtayarishaji alikuwa amemwambia siku mbili kabla, akimkabidhi karatasi nne zilizobanwa kwa pini. Mtayarishaji alikuwa kijana wa viatu vyeupe, na kila aliyemzidi umri alimwita mzee wake, kama vile anawafuga. "Miaka thelathini na nne kwenye fani! Watu wanataka kujua ulikopita."

Baba Mkwe alizisoma zile karatasi akiwa amesimama. Maisha yake yalikuwa yameshaandikwa, na mahali pa kulia pamepigiwa mstari.

*Nilikotoka* hakikuwa na nafasi ya mtu aliyelelewa vizuri. Mchekeshaji mmoja aliwahi kukaa kwenye kile kiti akasema utoto wake ulikuwa mzuri tu, alikula akashiba, na wazazi walipendana; kipindi chake hakijarushwa hadi leo. Baba Mkwe, kwa upande wake, alikuwa mali. Alikuwa na baba katili. Ukurasa wa pili ulieleza jinsi baba huyo, fundi saa mlemavu wa mguu, alivyokuwa akimpiga mwanawe kwa mkongojo wake mpaka mtoto akakimbilia jukwaani.

"Haya mmeyatoa wapi?" aliuliza, ingawa alijua.

"Kwako mwenyewe, mzee wangu. Gazeti la zamani. Mtafiti wetu kalifukua." Mtayarishaji akatabasamu. "Halafu waandishi wa tamthilia wameniuliza Baba Mkwe afya yake ikoje siku hizi. Nikawaambia tusubiri kipindi kwanza."

Hayo yalikuwa matishio, na hayakuhitaji ufafanuzi. Waandishi wale wana desturi yao. Mhusika akichosha, au mwigizaji wake akianza kuuliza maswali, hauawi, maana msiba unataka umati na umati unataka kulishwa. Anasafirishwa ng'ambo kwa matibabu. Ndiyo maana neno la kutisha kuliko yote pale kampuni si kifo, ni tiketi. "Fulani kapewa tiketi," huambiana waigizaji kwenye foleni ya chakula, na foleni husogea mbele hatua moja.

Akazikunja zile karatasi akatia mfukoni. Akajiambia kwamba uongo alikwisha kuutapika zamani, kuula tena ni suala la tumbo tu.

Sasa mtu wa vifaa akaingia chumbani bila kubisha, amebeba kitu kwenye taulo kama mkunga.

"Mzee, ona kazi ya mikono hii." Akafunua. Ulikuwa mkongojo mweusi, mrefu, wenye kichwa kilichopinda. "Nimeulaza kwenye chai ya rangi siku mbili, nikaupiga msasa, nikaurudisha tena kwenye chai. Hapa pa kushikia nimepaweka uchafu wa kiganja. Miaka hamsini hiyo, nakuapia!"

Ulikuwa mkongojo mzuri. Uliushinda wa baba yake kwa kila kitu, hata kwa uzee.

Wa baba yake ulikuwa mti mweupe, mfupi, na mguu wake wa raba ulikatwa kwenye kandambili. Mzee alikuwa na mguu wa kushoto mfupi na duka lenye upana wa meza. Alitengeneza saa akiwa na kijioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, na hakupaza sauti maisha yake yote, kwa sababu, alivyosema, sauti kubwa hutikisa mkono. Mama alipofariki, yeye, mtoto wa mwisho, akiwa na miaka minne, kazi ya kumlea ilimwangukia dada mkubwa. Kazi ya kumwadhibu ilibaki kwa baba. Na adhabu kali kuliko zote nyumba ile ilikuwa mzee kukitoa kile kijioo na kukutazama kwa macho mawili.

Akiwa na miaka ishirini na minne, mtoto huyo alikwenda kuomba nafasi ya muuaji katika mchezo wa jukwaani. Mwongozaji, jitu la sigara na skafu, alimsikiliza dakika mbili. "Hapana. Una sura ya mtu aliyependwa kwao. Nani atakuamini?"

Wapo ambao wangeshukuru. Yeye alivuta kiti, akainamisha kichwa, akasema kwamba baba yake alikuwa akimpiga kwa mkongojo. Alikuwa hajapanga, lilimtoka kama chafya, na mara likawa na ncha, sauti, hata tarehe. Mwongozaji akasahau sigara ikamuunguza kidole. Nafasi akapata. Wiki mbili baadaye hadithi ilikuwa gazetini, na picha yake juu.

Nyumbani hakuna aliyesema kitu. Ila usiku wa kwanza wa mchezo, akiwa jukwaani na kisu cha bati, alimwona baba yake akiingia ukumbini bila mkongojo. Alikuja akishikilia migongo ya viti, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayevuka mto kwa mawe, mpaka safu ya nyuma kabisa. Na ndivyo alivyokuja kwenye kila mchezo, miaka tisa, mpaka alipokufa. Mwana hakuuliza. Alikuwa na shughuli nyingi. Walipomaliza kuzika, dada alifungua kopo la nywele za saa, zile springi nyembamba, akatoa kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nane, akamwekea mkononi. "Hiki chako." Basi. Miaka ishirini na mitano walikuwa wameongea kila kitu isipokuwa hicho.

Mlango ukafunguliwa tena. "Sapraizi!" alisema mtayarishaji, akamsukuma ndani kwa adabu mwanamke wa miaka sabini, mwenye mkoba kifuani na goti lililofungwa bendeji. Kisha akatoweka na viatu vyake.

"Kitinda," alisema dada, akimwangalia. "Mbona wamekupaka chokaa kama ukuta wa zahanati?"

"Dada! Nani kakuleta?"

"Gari. Lina ubaridi ndani kama mochwari. Ngazi zenu hizi nazo, aliyezijenga hakuwa na mama." Akaketi, akahema. "Yule kijana kaniambia, mama, utakaa mbele, ukisikia baba anatajwa, lia. Nikamwambia mwanangu, mimi nalia kwangu."

Akauona mkongojo. Akaupima kwa jicho, juu mpaka chini.

"Wa nani huu?"

"Wa kampuni."

"Mh. Mweusi." Akanusa. "Na umekunywa chai."

"Dada, sikiliza. Unaweza kukaa nyuma, kule kuna viti vizuri..."

"Baba alikaa nyuma. Mimi goti hili haliniruhusu kufika huko." Akainuka kwa kushika meza. "Wewe sema ulilokuja kusema. Mimi nitasikia."

Kwenye studio taa zilikuwa kali na watazamaji wamepangwa kwa rangi za nguo. Mpambaji alimtia Baba Mkwe matone mawili ya giliserini pembeni mwa macho, yale yanayokaa tayari kuteremka. Dada alikuwa safu ya mbele, mkoba kifuani. Mtangazaji akamshika mkono mgeni wake. Wa kwake ulikuwa mkavu na wa baridi, kama wa mtu anayehesabu.

"Baba Mkwe, watu wanakuchukia," alisema kwa upole mkubwa, "lakini hawajui nani alikufundisha ukatili. Huu mkongojo unaukumbuka?"

Akaushika. Akamtazama dada yake. Dada alikuwa amevua miwani, anamtazama kwa macho mawili.

"Huu si wa baba yangu," alisema. "Huu umepikwa kwa chai."

Watu wakacheka. Mtangazaji naye akacheka, kwa meno tu.

"Baba yangu alinipiga kwa mkongojo wake," akaendelea, "hivyo ndivyo nilivyosema nikiwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa naomba kazi. Nilidanganya." Na hapohapo akasikia sauti yake ikishuka mahali panapotakiwa, akahisi bega lake likigeukia kamera ya pili, ambayo humpendeza zaidi. Tone la giliserini likateremka kwa wakati wake. Mstari wa pili wa watazamaji ulikuwa umeshaanza kulia. Hata kutubu alikuwa anaigiza, na anaigiza vizuri.

Akajifuta uso kwa mkono wa koti, poda ikatoka kama rangi ya ukuta. Akazipa kamera mgongo, akamwelekea dada, akasema haraka, bila mpangilio, kama mtu anayetaja vitu alivyopoteza: "Hakunigusa. Hata ukucha. Nilimuuza kwa nafasi ya muuaji, nikamwona anakuja ameshika viti, nikanyamaza. Basi. Ndiyo hivyo."

Mtu akakohoa. Hakuna aliyelia.

"Kata!" ilisema sauti ya mwongozaji wa kipindi kwenye spika. "Mzee, tamu sana, tamu sana. Turudie kuanzia kwenye chai, ila utuangalie sisi. Na machozi yaongezwe."

"Sirudii."

Kipindi kilirushwa mwezi uliofuata. Anaonekana Baba Mkwe akiushika mkongojo na kusema, "Baba yangu alinipiga kwa mkongojo wake," kisha tone linateremka, kisha anaonekana dada yake akifuta miwani. Kilipendwa mno. Wiki moja baadaye, kwenye tamthilia, Baba Mkwe alishika kifua mezani, na mke wa mwanawe akatangaza kwamba madaktari wa ng'ambo wanamsubiri.

Lakini siku ile hayo yalikuwa bado. Siku ile alimkuta dada yake kwenye korido, akielekea kwenye ngazi, anatembelea ule mkongojo. Mtu wa vifaa anamfuata upande upande.

"Mama, samahani, hiyo ni mali ya kampuni."

"Nani, huu?"

"Ndiyo, mama. Umeandikwa kwenye daftari."

"Nyinyi mmemtumia baba yetu miaka thelathini na nne, mliomba kwa nani?" Hakusimama. "Andika umepotea."

Mtu wa vifaa akamwangalia Baba Mkwe, akaona hapati msaada, akarudi. Ndugu wawili wakaanza kushuka, ngazi moja moja. Mkono wake mmoja ulimshika dada kiwiko.

"Dada, kwa nini alikitunza kile kigazeti?"

"Kilikuwa na picha yako. Ya kwanza kutoka."

Wakashuka ngazi tatu.

"Na mkongojo? Mbona aliuacha?"

Dada akasimama kupumzisha goti. "Nilimgombeza sana, nikamwambia utavunjika shingo bure. Akasema ule mkongojo ni kijiti, mfupi. Watu wakimwona nao watajua hauwezi kumpigia mtu. Watajua wewe ulidanganya, na kazi utanyang'anywa." Akaugonga mkongojo mpya kwenye ngazi iliyofuata, kupima kama ni imara. "Kwa hiyo akawa anaacha nyumbani."

Alisimama pale. Miaka thelathini na nne ya kazi, na hakuna karatasi iliyokuwa imemwandikia la kufanya hapo.

"Haya, teremka," dada alisema. "Tukifika kwangu unawe uso. Unanuka watu."