Jina la Mgombea Mgongoni mwa Joho

Asubuhi na mapema, cherehani ya Mama Pacha imeshaanza kulalamika, na mwenyewe pia. Mumewe, mzee wa kanisa, ameketi kwenye benchi ndani ya kibanda chake cha ushonaji. Mbele yao yamelundikana majoho mapya ya kwaya.

"Mgombea katoa kitambaa, Mungu ambariki," anasema fundi huyu, akikata uzi kwa meno. "Lakini jina lake mgongoni? Tukigeukia madhabahu kuomba, waumini watasoma nini? Jamani!"

Wazee wa kanisa wameagiza jina hilo litariziwe kabla ya Jumapili, mgombea atakapotambulishwa kama chaguo la wacha Mungu. Asiyelivaa hataimba. Mama Pacha ameimba kwenye kwaya hiyo tangu usichana wake, na hana raha nyingine duniani.

"Hanywi, havuti, ana mke mmoja," mumewe anamkumbusha. "Yule mpinzani wake kutwa yuko baa."

"Baba Pacha, kwani natafuta mchumba?" Cherehani inasimama. "Huyo asiyekunywa ndiye diwani wetu wa sasa. Choo cha soko kina kufuli mwaka wa pili, kina mama tukawa tunajibana mpaka jioni. Nilipomwendea akasema tuombe. Tukaomba, tukafumbua macho, kufuli lipo palepale! Huyo mlevi wenu ndiye aliyetuchimbia shimo la choo, wala hakudai jina lake liandikwe popote."

Mzee anacheka bila kupenda, kisha anashika kichwa. "Wazee wenzangu wataniuliza nimeshindwaje na mke wangu."

"Umeshindwa nini? Kampigie kura, nani kakuzuia?" Sauti ya fundi inapanda. "Ila msiniambie dhambi ni chupa tu. Mjamzito kuchuchumaa nyuma ya vibanda kama kuku, hiyo mnaiita nini? Nimechoka, mume wangu. Nimechoka kweli."

 Mzee anainama kuokota vipande vya nyuzi sakafuni, kazi ambayo hajawahi kuifanya.

Mama Pacha ameshaamua. Majoho atayamaliza, migongo itabaki mitupu. Jumapili atavaa joho lake la zamani, lililopauka kwapani, na kura yake itakwenda kwa aliyechimba shimo.

"Na wakikutoa kwaya?" mumewe anauliza.

"Nitaimbia kwenye benchi la waumini, tena kwa sauti. Utanipa nafasi ubavuni mwako?"

"Mimi sitaki kesi na wazee wenzangu," ananung'unika, huku akisogea pembeni kwenye benchi alilokalia.