Injini Ililia Juu, Ugonjwa Ulikuwa Chini

Siku ile naikumbuka, mwanangu, ingawa mpaka leo sijaielewa yote. Nimetembea sana tangu wakati huo, Bukama, Kolwezi, hadi ng'ambo ya Lualaba, na kila mji niliingia na swali lile lile kichwani. Wewe nawe nakuona huwezi kukaa mahali pamoja. Basi keti kidogo kabla hujafunga mzigo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi wa malori katika gereji ya tajiri mmoja pale Kamina, zamani za Wabelgiji. Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kupita kando ya mabehewa na nyundo ya mpini mrefu, akigonga gurudumu moja moja. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hukohoa. Sisi watoto wa kambi ya reli tulikua na elimu hiyo: penye sauti mbaya ndipo penye ugonjwa. Nililiamini sikio langu kuliko macho yangu. Mwamba ngoma, mwanangu, ngozi huivutia kwake.

Katika gereji alikuwamo dereva mmoja, Kasongo, mtu mzima wa Mulongo, kijiji cha kando ya mto, aliyekuwa akileta mihogo na samaki wakavu. Lori lake, kamiyo kama tulivyoliita, likaanza kupiga tak-tak-tak juu ya injini, kwenye vali. Akanijia.

"Fundi, kamiyo iko na kitu. Kupanda mulima, iko kimya. Kushuka, njo inapiga."

Nikamwita yaya, yaani kaka mkubwa, lakini nikacheka. "Yaya Kasongo, injini itajua mulima namna gani? Iko mbuzi?"

Wenzangu wote wakacheka. Kasongo hakucheka.

Niliweka ncha ya bisibisi kwenye injini, na mpini sikioni, kama daktari. Sauti ilitoka juu. Nikarekebisha vali siku mbili nzima. Kelele ile ile. Nikachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini. Mafuta yalikuwa kwenye alama. Kwa kukosa la kufanya nikaongeza lita mbili juu ya alama. Kelele ikaisha!

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Kijiti kilisema mafuta yanatosha, injini ikasema hayatoshi. Sikujua nimwamini nani. Na mtu aliyechanganyikiwa, kama anapenda sana kuheshimiwa, hatafuti sababu. Hutafuta mtu. Nikajiambia: bila shaka Kasongo huacha mafuta yapungue njiani, kisha huyajaza anapokaribia Kamina.

Desturi ya gereji yetu ilikuwa hii: asubuhi, kabla ya kazi, wafanyakazi walijipanga, na fundi akasimama mbele ya patroni, yule tajiri wetu, kutaja ubovu wa gari na jina la dereva wake. Nikasimama. Nikasema, "Kosa ni la Kasongo. Anaendesha bila mafuta ya kutosha."

Patroni akamnyang'anya funguo palepale. Akamwambia aondoke katika nyumba ya kambi ya gereji kabla ya Jumamosi jioni, yeye, mkewe na watoto wanne. Kasongo alinitazama. Alisema neno moja tu: "Nilikuambia kushuka."

Baada ya mstari kuvunjika, Baba Ngoie, fundi mzee kuliko sisi wote, akaniita.

"Weye, mutoto wa reli. Mbele ya kuongeza mafuta, kijiti kilisema nini?"

"Kilisema iko kwenye alama, Baba."

"Na Kasongo alisema nini?"

"Kupanda kimya, kushuka kelele."

"Na hapa uliposikilizia, kamiyo ilitazama wapi?"

Nikageuka. Uwanja wetu uliteremka kuelekea stesheni. Pua ya lori ilitazama chini muda wote, na mimi sikuona.

Tukalala chini ya lori, tukafungua beseni la mafuta. Ndani mna bomba linalofyonza mafuta na kuyapeleka juu, na katika kiungo cha bomba hilo, upande wa nyuma, mna kipete cha mpira, si kikubwa kuliko bangili ya mtoto mchanga. Kilikuwa kimekauka na kupasuka. Lori liliposhuka, mafuta yalikimbilia mbele, kiungo kikabaki wazi, bomba likanywa mafuta pamoja na hewa. Vali kule juu zikapata povu, zikalia. Nilipoongeza lita mbili, niliufunika ule ufa tu. Tukaweka kipete kipya, tukapunguza mafuta hadi kwenye alama, tukaliwasha lori na kushuka nalo mpaka stesheni. Kimya.

Baba Ngoie akafuta mikono. "Mpira tumebadilisha. Neno lako nani atalibadilisha?"

"Labda niende ofisini kwa patroni, polepole."

"Ulimuchafua mbele ya batu, utamuosha ndani ya nyumba?"

Jumamosi asubuhi nikasimama tena mbele ya mstari. Nikasema kosa lilikuwa la mpira, na uongo ulikuwa wangu. Patroni akanishusha, nikawa mwosha magari. Kasongo akarudishiwa funguo na nyumba. Akaenda Kabondo-Dianda kwa barabara mbovu, akarudi Jumatatu na mzigo kamili. Akaliegesha lori vizuri kivulini. Kisha akanijia, mimi, si patroni, akaniwekea funguo kiganjani.

"Kamiyo iko muzima, fundi. Miye narudia kwetu."

"Kwa nini, yaya? Si wamekurudishia vyote?"

"Wamerudisha," akasema. Akatabasamu, tabasamu la kweli, akaondoka na watu wake.

Ilikuwa hasira? Aibu? Au alitamani tu mto wa kwao? Hilo ndilo swali ninalotembea nalo. Sijui. Miaka kadhaa baadaye nilimfuata Mulongo. Waliniambia yuko kwenye mabwawa, anavua. Nikangoja siku mbili, nikaondoka. Hata kwa nini sikungoja ya tatu, hilo nalo sijui.

Lakini hili nalijua, mwanangu, na ndilo ninalokupa. Anayepiga kelele si lazima awe ndiye mgonjwa. Tazama kwanza anachonyweshwa kutoka chini. Anayeishi na kitu kila siku, msikilize, hata maneno yake yakikuchekesha. Ukichanganyikiwa, sema "sijui" mbele ya watu, wala usione haya, maana kuuliza si ujinga. Na ukimkosea mtu hadharani, mtakase hadharani, upesi, ukijua kwamba huenda hata hivyo asibaki. Maji yakimwagika hayazoleki.

Haya, nenda. Mungu akupe sikio la kumsikia mtu kabla ya chuma, na ulimi mzito wa kuhukumu. Barabara zikupokee vyema, na popote utakapoondoka, asiwepo mtu wa kushukuru kwamba umekwenda.