Neno Ambalo Dhahabu Haikulijua

Ukinikuta darasani nafundisha neno “difficult”, unaweza kudhani nina ugomvi nalo. Ninao. Wanafunzi wangu hapa Ushirombo hulitupia kila kitu: mtihani, mapenzi, hata uji usio na sukari. Mimi huwakatiza. Nawaambia neno hilo ni la kitu kinachokutoa jasho lakini kinawezekana. Kisichowezekana kina neno lake. Maana hiyo hiyo niliwahi kumpa marehemu mdogo wangu wa kiume, naye alilitumia kuliko mtu yeyote niliyepata kumfahamu.

Alikuwa mchimbaji mdogo Geita, amepanga chumba Kalangalala. Kwenye duara lao, yaani shimo walilochimba kwa pamoja, kulikuwa na mwiko: ukiizungumzia kazi, hata ukiwa nyumbani, husemi ni ngumu. Kwa Kiswahili husemi, na kwa Kisukuma ndiyo usithubutu kabisa. Dhahabu inasikia, walisema, na ikisikia mtu analalamika inahama. Aliyeteleza ulimi alipandishwa juu, na siku hiyo hakupewa mfuko wake wa mawe, ambao ndio ujira.

Nilimwambia huo ni upuuzi mtupu. Akacheka.

“Basi nipe neno la Kiingereza, dada. Dhahabu ya huku haijasoma.”

Nikampa hilo, pamoja na maana yake. Akataka kuhakikisha: kwa hiyo kitu chenyewe kinawezekana? Nikasema kinawezekana. Akaondoka nalo amefurahi kama mtu aliyepewa koti la mvua.

Tangu hapo, kila Jumapili nikimpigia simu kumuuliza kazi inaendaje, alijibu, “Difikati, dada!” Alilitamka hivyo, nami nilichoka kumrekebisha. Wenzake nao wakalidaka. Aliniambia kwamba mwamba ukigoma, shimo zima lilikuwa likiitikia difikati, difikati, huku nyundo zikigonga. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Mwalimu gani asingefurahi?

Kisha kikaja kikohozi. Nilidhani ni mafua ya kiangazi. Hospitali wakasema ni vumbi la mawe, limejaa kwenye mapafu na halitoki, asirudi tena shimoni. Alirudi. Nilimfokea kwenye simu mpaka sauti ikanikauka, naye akasubiri nimalize.

“Mbona ni difikati tu, dada.”

Jibu hilo lilinichoma, kwa sababu nilimpa mimi.

Wenzake ndio waliomleta kwangu, baada ya yeye kushindwa kupanda ngazi ya shimo. Nilimweka chumba cha mbele, penye dirisha kubwa. Hakuweza kulala chali, alilala ameketi, mito mgongoni. Kila asubuhi nilimuuliza ameamkaje, naye alijibu lile lile, kwa pumzi fupi, neno likikatika vipande. Mimi niliyelichoka nikawa nalisubiri. Maadamu analisema, nilijiambia, bado anachunga ulimi ili dhahabu isihame, na anayechunga ulimi anategemea kurudi kazini.

Asubuhi moja nilimpelekea uji. Alikishika kikombe akashindwa kukifikisha mdomoni, nikamsaidia kukishika. Nikamtania kwa Kiingereza changu cha darasani, nikamuuliza kama uji nao ni difficult. Hakucheka.

“Ni ngumu, dada,” akasema. “Ngumu sana.”

Alisema kwa Kiswahili, wazi, bila kushusha sauti. Nikakiweka kikombe chini, nikatoka uani, nikalia kwa kwikwi, maana nilijua mdogo wangu hakuwa tena na dhahabu ya kuogopa kuifukuza.